Suri ya Mkono Mwingine

Suri yetu ya zamani ilikufa siku ya Ijumaa, nikiwa katikati ya ua la waridi.

Ua hilo lilikuwa kwenye kona ya mwaliko wa harusi. Nilikuwa nimeshapanga maua matatu ya kona nyingine, na hilo la nne nilikuwa nalivuta polepole kulipeleka mahali pake, mshale ukasimama. Niliibonyeza suri, nikaipuliza chini, nikachomoa waya na kuuchomeka tena. Ua lilibaki limening'inia katikati ya kioo, juu kabisa ya jina la bibi harusi.

Suri ni kile kitu cha kushika mkononi, kinachotambaa juu ya meza na kuendesha mshale kwenye kioo cha mashine. Wengine huiita kipanya. Sisi wa Kasongo tunasema suri, kama tulivyoipokea kwa Kifaransa pamoja na mashine yenyewe.

Mashine ni ya baba mdogo. Ana kibanda karibu na soko, upande mmoja anauza daftari, kalamu, betri na sabuni, upande mwingine kuna meza, mashine ya mezani na emprimanti ya kutolea karatasi. Juu ya bati kuna pano ya jua. Jua likiwaka tunafanya kazi, jua likishuka tunafunga. Baba mdogo hajui kuandika kwa mashine. Anajua kuongea na watu, na hiyo ndiyo kazi nisiyoiweza mimi. Mtu akiingia na kunisalimia, ninajibu nikiangalia meza. Kwa hiyo tulikuwa tumegawana: yeye anapokea maneno, mimi ninayaandika. Barua za kuomba kazi, matangazo ya msiba, orodha za wanafunzi, mialiko.

Nilikuwa ninaandika taratibu. Hilo kila mtu alilijua, na waliokuwa na haraka walivuka barabara kwenda kwenye kibanda kingine chenye mashine mpya. Waliobaki kwetu walibaki kwa sababu ya baba mdogo, au kwa sababu nilikuwa sikosei majina.

Mwaliko ule ulikuwa kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Bibi harusi alikuwa wa familia ya mjini, watu wa msikitini wanaojulikana, na bwana harusi alikuwa na ndugu zake Kabambare na Salamabila. Mialiko ilipaswa kuondoka Kasongo siku ya Alhamisi saa sita mchana kwa pikipiki, ili ifike kwa watu mapema, nao wapate muda wa kujipanga na njia. Shangazi wa bibi harusi ndiye aliyesimamia. Alikuwa mwanamke mrefu, sauti yake ilitangulia kuingia kabla ya viatu vyake, na alikuja kila siku kuangalia kama maua yameongezeka.

Jioni ile ya Ijumaa baba mdogo alimpigia simu motari wetu, mwendesha pikipiki, ambaye siku hizo alikuwa Kindu. Tunamwita wetu kwa sababu ndiye anayetuletea karatasi na wino. Alimwambia atafute suri, yoyote, lakini iwe nzuri.

Kisha akaniambia jambo ambalo nilikuwa nikilitazamia tangu zamani. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anakunja kitambaa cha kufunikia mashine.

"Sikia, mwanangu. Hii kazi ikitoka mikononi mwetu, watu hawatarudi tena. Mimi nitabaki na sabuni. Na bibi yako kule Wamaza ananiomba kila siku mutu wa kumusaidia mashamba."

"Ndiyo, baba mudogo," nilisema.

"Motari anapita Wamaza siku ya Alhamisi. Atabeba mialiko, ao atakubeba weye."

Nampenda bibi yangu. Wamaza si mahali pabaya, mchele wake ni mtamu na watu wake wanacheka. Lakini kulikuwa na sababu ya mimi kuipenda ile mashine, sababu ambayo sikuwa nimewahi kumwambia mtu.

Nilizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Mama anasema niliupeleka mbele tangu nikiwa sijui kukaa. Kwetu mtoto wa namna hiyo hapigwi sana, anafundishwa tu, asubuhi na jioni, kama anavyofundishwa kufunga mlango. Mkono wa kushoto una kazi zake, na kazi hizo hazifanywi mbele ya watu. Haupokei, hautoi, hauingii kwenye sahani. Bibi alinifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kulia ili nikisahau niuone. Nikikosa alikuwa ananigusa uzi kwa kidole bila kusema neno, na mimi nilikuwa najificha nyuma ya kanga yake kwa aibu.

Shuleni mwalimu alikuwa mtu mpole. Aliniambia, "Kalia mkono wako." Basi nikawa naukalia. Miaka sita nilikaa juu ya mkono wangu wa kushoto kwenye benchi la mbao, na kwa mkono wa kulia nikaandika herufi zilizokuwa zinaanguka kama nguzo za uzio uliooza. Ubao ulifutwa kabla sijafika katikati. Nilimaliza darasa la sita nikiwa na daftari nyingi za sentensi nusu. Walimu waliandika kwamba mimi ni mtoto mwenye adabu na mwenye kuchelewa.

Siku baba mdogo aliponikalisha mbele ya mashine mara ya kwanza, niliweka mkono wa kulia tu kwenye vibonyezo. Akaniambia, "Weka yote mbili. Watu wa mashini wanaandikaka na mikono mbili." Nikauweka na wa kushoto, nikangoja mtu aniguse uzi. Hakuna aliyenigusa. Ule mkono ulikwenda wenyewe. Herufi zilisimama wima, zote sawa, na hakuna aliyeweza kujua ipi imetoka mkono gani.

Ni suri tu iliyobaki upande wa kulia. Hapo ndipo kuchelewa kwangu kulipokuwa kumejificha. Nikiandika maneno nilikwenda vizuri, nikifika kwenye kupanga na kuvuta na kupunguza, mkono wa kulia ulianza kutetemeka kama zamani darasani. Ua moja lilinichukua muda wa kuchemsha maharage. Kuhamisha suri upande wa pili nisingethubutu. Mteja anakaa kwenye kiti cha kushoto, angeona.

Motari alifika Jumanne alasiri, tope hadi kwenye nyusi. Alikuwa amelala njiani mara mbili. Kutoka ndani ya koti lake la mvua alitoa kifurushi kilichofungwa kwa plastiki, akampa baba mdogo kwa mkono wa kulia, na baba mdogo akapokea kwa mkono wa kulia.

"Hii iko ya kisasa," motari akasema. "Mwenye duka aliniambia hii haichokeshi mukono. Watu wa ofisi kule mbali njo hii wanatumia."

Baba mdogo akafungua. Tulikuwa pale sisi watatu, pamoja na shangazi wa bibi harusi na fundi wa simu wa kibanda cha jirani ambaye hakosi popote panapofunguliwa kitu.

Tukainama wote kuangalia.

Suri niliyoizoea ilikuwa imelala chini kama kipande cha sabuni kilichotumika. Hii ilikuwa imesimama. Ilikuwa nyeusi, na mgongo wake ulipanda juu na kuinama upande mmoja, kama kisigino cha kiatu cha mwanamke. Upande mmoja ulikuwa na vibonyezo viwili virefu. Upande mwingine ulikuwa na bonde, na chini ya vibonyezo kulikuwa na ukingo mdogo kama mdomo wa jagi.

"Hii iko suri ao iko kiatu?" fundi wa simu akauliza.

"Funga mdomo, weka waya," motari akasema.

Waya ukaingia, taa nyekundu ikawaka chini, na mshale ukasogea kwenye kioo. Tukashangilia. Baba mdogo akavuta kiti, akaweka mkono wake juu ya kile kitu. Hapo shida ikaanza. Kila alivyoweka, vidole vilikosa pa kwenda. Kidole gumba kiliangukia juu ya vibonyezo, na vidole vinne vilijikusanya ndani ya bonde la kidole kimoja, vikabanana kama watu kwenye mlango. Alijaribu kutoka juu. Alijaribu kutoka nyuma.

"Ngoja," akasema fundi wa simu. "Munaishika vibaya. Igeuze, mbele iwe nyuma."

Baba mdogo akampisha, naye akaigeuza. Sasa mkono wa kulia ulikaa vizuri kabisa, kidole gumba bondeni, vidole vingine kwenye vibonyezo, waya ukimwingia tumboni. Fundi akatabasamu. Akasukuma mbele. Mshale ukaja nyuma. Akavuta kulia, mshale ukaenda kushoto.

"Eh! Iko nakataa!"

"Mukono wako njo haujui njia," motari akamwambia. "Toka, nijaribu. Mimi niliivusha mito yote, inanijua."

Motari naye akashindwa. Aliiendesha kama pikipiki kwenye mteremko wa utelezi, akijiinamisha na bega, na mshale ukakimbilia pembeni na kujificha. Shangazi wa bibi harusi alicheka mpaka akashika meza.

"Hii suri iliolewa kwa nguvu," akasema. "Munaiita huku, inarudi kwao."

Wote wanne walijaribu, hata shangazi mwenyewe, kwa ncha ya vidole viwili kama anayeshika chura. Wote wanne kwa mkono wa kulia. Waliigeuza, waliilaza ubavu, fundi alitaka kuifungua kwa bisibisi. Hakuna hata mmoja aliyeinua mkono wa pili. Sidhani waliogopa. Haukuwajia akilini tu. Mikono yao ya kushoto ilikuwa imetulia, mmoja mapajani, mmoja kiunoni, mmoja ukingoni mwa meza, mmoja umeshika kofia ya pikipiki.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na emprimanti, na nilijua tangu plastiki ilipofunguliwa. Niliuona ule mgongo ulivyoinama na kiganja changu cha kushoto kikaniwasha. Ni kama kuona nguo imetundikwa sokoni na kujua kabla ya kuigusa kwamba itakutosha. Mahali fulani kuna mtu aliyekaa akafikiria mkono kama wangu, akauchongea kitu, wala hakikuwa kitu cha kuficha.

Mdomo wangu ulifunguka mara moja, shangazi wa bibi harusi akaniangalia, nikaufunga.

"Imeharibika," baba mdogo akasema mwishoni. Alikuwa amechoka. "Motari, utairudisha. Shangazi, kesho alasiri kama sijapata ingine, nitapeleka kazi kule ng'ambo ya barabara kwa mukono wangu mwenyewe. Sitakuangusha."

Shangazi aliacha kucheka. "Mimi nilikuja kwako juu ya heshima," akasema. "Lakini Alhamisi iko Alhamisi."

Njiani kurudi nyumbani baba mdogo alitangulia. Nilimfuata hatua tatu nyuma. Nilijua kwamba akivuka ile barabara na kazi mkononi, mimi nitapanda pikipiki.

Jumatano adhuhuri alikwenda msikitini kama kawaida. Alikuwa ameshatembea soko zima asubuhi bila kupata suri. Mimi nilikuwa katika siku zangu za mwezi, sikuwa nikisali, nikabaki kulinda kibanda. Jua lilikuwa kali na pano inafanya kazi vizuri. Nilisogeza mlango ukabaki wazi nusu. Nikachukua kile kitu ndani ya plastiki yake, nikachomeka waya wake, nikashusha kopo la kalamu sakafuni, nikakiweka mahali pake, upande wa kushoto wa meza.

Nikauweka mkono wangu.

Nitajaribu kueleza. Mkono haukulala, ulisimama ubavu, kama unapomsalimia mtu. Kidole gumba kilishuka bondeni na kukuta kitanda chake. Ule ukingo wa chini ulikibeba kidole cha mwisho kisisugue meza. Vidole viwili vilikuta vibonyezo bila kuvitafuta. Nilisukuma mbele, mshale ukapanda. Nikapeleka kushoto, ukaenda kushoto. Nililiangalia lile ua lililoning'inia juu ya jina la bibi harusi tangu Ijumaa. Nikalishika. Nikalipeleka kwenye kona yake. Likakaa.

Nilitazama mlangoni. Hakuna mtu.

Si kwamba kila kitu kilikuwa rahisi. Kibonyezo kiko ubavuni, kwa hiyo ukibonyeza unakisukuma kitu chote pembeni, na mshale unaruka mahali usipotaka. Mara tatu nilifuta nusu ya jina la bwana harusi. Mwishowe nikagundua kwamba kidole cha mwisho kikikanyaga kidogo ule ukingo, suri inatulia. Tena haiendeshwi kwa kifundo cha mkono, inaendeshwa kutoka kwenye kiwiko, na mara moja nilipoichukua kwa haraka niliipiga na ncha za vidole ikaanguka ubavu. Bega lilianza kuniuma, kwa kuwa halikuwahi kupewa kazi hii. Lakini mkono haukutetemeka. Niliungoja utetemeke, haukutetemeka.

Nilipunguza maua. Nilipanga majina ya wazazi yawe sawa pande zote mbili. Nilishusha mstari wa mahali pa sherehe, nikainua mstari wa Bismillahi ukae peke yake juu, na nafasi kuuzunguka. Kazi ambayo ingenichukua siku mbili ilikuwa inakwisha huku naiona. Nafikiri nilikuwa naimba kwa chini. Ndiyo maana sikusikia viatu.

"Weye!"

Shangazi wa bibi harusi alikuwa ndani tayari, mkono kwenye mlango. Hakuwa anaangalia kioo. Alikuwa anaangalia mkono wangu.

Niliuvuta nikaukalia. Sikufikiri. Nilikuwa msichana mkubwa wa kuolewa, na nilikaa juu ya mkono wangu kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Ile Bismillahi," akasema taratibu, na kwake utaratibu ulikuwa mbaya kuliko kelele, "unaipanga na mukono gani?"

Nilizidi kuukalia.

"Mukono ule wa chooni, kwenye harusi ya mutoto wetu?"

Baba mdogo aliingia nyuma yake, kofia ya msikitini bado kichwani. Alimwangalia shangazi, akaniangalia mimi nilivyokaa nimepinda, akaiangalia suri upande usio wake, kisha kioo. Maua manne kwenye kona nne. Nilimwona akielewa, kimoja kimoja. Akaenda polepole mpaka kwenye meza, akainama, akaweka mkono wake wa kushoto karibu na ile suri bila kuigusa, akalinganisha.

"Kumbe," akasema. "Kumbe njo vile."

"Kumbe nini?" shangazi akauliza. "Unaona na unanyamaza?"

"Shangazi, haikuharibika. Iko ya mukono ule mwingine."

"Basi mwambie aandike na mukono wa watu!"

Baba mdogo akaniangalia. Hakuniamuru. Nafikiri hakujua aamuru nini. Pikipiki ilikuwa inaondoka kesho, kazi ilikuwa mbele yake imekaribia kwisha, na mama wa watu amekasirika kibandani mwake. Alikuwa ananingojea mimi, na hapo ndipo nilipoona kwamba hakuna mwingine wa kusema.

Nilitoa mkono chini yangu. Ulikuwa umekufa ganzi. Kuna neno tunalosema sote, hata watoto, mkono wa kulia unapokuwa na mzigo na mtu anataka umpe kitu. Unaomba radhi kwanza, ndipo unatoa na ule mwingine. Sikuwa na neno lingine kichwani. Nikauweka ule mkono wenye ganzi juu ya suri, nikainamisha kichwa, nikasema:

"Shangazi, munisamehe na mukono wa kushoto."

"Haina neno," akasema.

Alilijibu kama anavyolijibu kila mtu aliyelelewa vizuri, jibu likatoka kabla yeye mwenyewe hajafika. Kisha akasikia alichosema. Baba mdogo aligeuka upande wa sabuni, nikaona mabega yake yanatikisika.

"Usicheke!" shangazi akamwambia. "Nilijibu juu ya adabu tu."

"Ulisema haina neno, shangazi. Mimi nilisikia tu."

Alivuta kiti akaketi kwa nguvu. Akafikiri. Akasema mengine yote hayana neno kweli, lakini ule mstari wa juu hataukubali. Niufute, niuandike upya mbele ya macho yake, kwa mkono wa kulia peke yake.

Nikaufuta, Bismillahi Rahmani Rahimi yote. Nikaweka mkono wa kushoto mapajani, nikaanza kwa kidole kimoja cha kulia. Vibonyezo vyetu ni vya Kifaransa, A iko kule juu, kwenye kona ya kushoto kabisa. Kila mara nilipoihitaji, mkono wa kulia ulilazimika kuvuka meza nzima kuifuata na kurudi. Nilikuwa taratibu kama kawaida yangu, tena zaidi, kwa sababu alikuwa ananipumulia shingoni.

"Juu ya nini unaenda mbali vile?"

"A iko kule, shangazi."

Nikaendelea. Nikavuka tena.

"Na wiki ile ilipita, niliposema iko muzuri, uliandika vile vile? Na kidole moja?"

"Apana. Na mikono mbili."

"A hii uliigusa na mukono gani?"

Niliangalia meza. "Kushoto, shangazi. Watu wote wa mashini wanaiandikaka na kushoto."

Nje mtu alikuwa anaita bei ya samaki wa Nyangwe. Nilimaliza mstari, herufi ya mwisho, nikaondoa kidole. Kwenye kioo ulikuwa mstari uleule niliokuwa nimeufuta, haukutofautiana hata kidogo. Aliusoma kwa midomo.

"Bon," akasema. "Songesha juu kidogo. Na lile ua la huku chini limekaribia sana jina la ndugu yangu."

Nilingoja nione anamaanisha mkono gani. Alinigonga bega, lile linaloniuma.

"Songesha basi! Jua linaenda."

Nikasongesha. Kutoka hapo aliniamrisha mpaka saa kumi: peleka, rudisha, punguza, apana ilikuwa muzuri kule kwanza. Baba mdogo alituletea chai, na nilipoipokea kwa mkono wa kulia shangazi aliona, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Pano ilipoanza kuchoka tulikuwa tumetoa nusu ya karatasi. Nyingine tulizitoa Alhamisi asubuhi.

Saa sita motari alisimamisha pikipiki mbele ya kibanda. Nilimpa kifurushi kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko chini yake kama tunavyompa mtu tunayemheshimu. Alikifunga nyuma kwa mpira, akakiangalia, akaniangalia.

"Na weye? Niliambiwa kuna mutu wa kushuka Wamaza."

Nilimtazama baba mdogo. Yeye alikuwa anahesabu kalamu, au anajifanya.

"Mwambie mama yangu nitamutafutia mutu mwingine wa mashamba," akasema. "Huyu iko na kazi."

"Na suri? Mwenye duka alisema anaweza kubadilisha, nimupe hii anipe ya kulia."

Fundi wa simu, aliyekuwa amesimama hapo hapo, akasema ibadilishwe, maana sasa hakuna mtu mzima hata mmoja mtaani anayeweza kuiendesha mashine ile. Akasema ni hatari, siku nikiumwa kibanda kitafungwa.

Baba mdogo alifikiri. Kisha akaingia ndani. Kopo la kalamu lilikuwa bado sakafuni nilipoliacha tangu jana. Aliliokota, akalifuta vumbi, akaliweka upande wa kulia wa meza. Kiti cha mteja, kilichokuwa kushoto, akakizungusha akakipeleka upande huo huo. Akarudi mlangoni.

"Nenda," akamwambia motari. "Watu wanangoja mialiko."

Haya nimeyaandika kwanza kwa kalamu, kwa mkono wa kulia, kwenye daftari moja la kibandani. Sijui kuandika kwa kalamu na ule mwingine, hakuna aliyenifundisha, na sasa nimechelewa au labda bado sijaanza. Imenichukua majuma mengi. Kuyaingiza kwenye mashine kumenichukua alasiri mbili, na shangazi wa bibi harusi alipopita kuleta kazi ya ndugu yake mwingine, akanikuta, akaketi upande wa kulia bila kuambiwa.